Kikomo Kilichoota Ndevu

Jambo la kwanza ambalo mtu aliligundua kwa Karwirwa ni kwamba hakuwahi kujibu swali kabla ya kulirudia. Ukimwuliza, "Mama, mbuzi wako amezaa?" atakutazama, aseme polepole, "Mbuzi wangu amezaa?" ndipo akuambie kwamba amezaa, tena mapacha, na mmoja ana doa jeupe puani. Wageni walidhani ni kiziwi. Majirani zake walijua zaidi. Karwirwa alilipepeta swali kama mwanamke apepetavyo wimbi, asije akasaga mawe pamoja na nafaka.

Aliolewa angali msichana mwembamba katika kitongoji kilichokuwa juu ya Muthara, mahali ambapo migomba huanza kupungua na baridi ya milima ya Nyambene huanza kuuma masikio. Mumewe aliitwa Kiambi. Wakati ule Kiambi alikuwa kijana mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti yake, na kisa kilichomfanya Karwirwa ampende kwa dhati kilitokea kabla hata majani ya paa la nyumba yao hayajakauka.

Kitongoji kiliongozwa na kiama, yaani baraza la wazee, na kiama kilikuwa na mwenye kiti. Mwenye kiti hakuketi maisha. Aliketi mpaka kifungua mimba wake wa kiume atahiriwe. Siku mwana alipopanda kutoka mtoni akiwa mwanamume, baba aliinuka, akampisha mwingine, akahamia upande wa wazee wa kubariki, wale wanaotemea mashamba mate ya heri na kupewa nyama laini, ila hawaamui tena kesi ya mpaka wala ya mahari. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali popote. Haikuhitaji kuandikwa. Kikomo cha uongozi kilizaliwa nyumbani kwa kiongozi mwenyewe, kikanyonya, kikatambaa, kikachunga mbuzi, na kila mtu alikiona kikipita njiani na kukadiria urefu wake kwa macho.

Sasa, mwaka ule wa arusi ya Karwirwa, mwenye kiti alikuwa Mzee Muriithi, na mwanawe alikuwa amekua mpaka akaweza kubeba ndama wawili, mmoja kila kwapa. Hata hivyo kila msimu wa jando Mzee Muriithi alipata sababu. Mara mvua imechelewa. Mara nzige wanakuja. Mara ameota ndoto mbaya. Watu walinung'unika pembeni, wakanyamaza mbele yake. Kiambi hakunyamaza. Alisimama katikati ya kiama, kijana asiyekuwa na hata unywele mmoja wa mvi, akasema, "Baba anayemfungia mwanawe utotoni ili yeye aendelee kuketi, hajaketi juu ya kigoda. Amemkalia mwanawe."

Karwirwa alikuwa nyuma ya ua pamoja na wanawake wengine. Kigelegele kilimtoka kabla hajauziba mdomo. Mama mkwe alimfinya mkono hata ukavimba, lakini kigelegele kilikuwa kimekwisha kuruka ua. Mzee Muriithi aliinuka, akaondoka kwenye kigoda, na msimu uleule mwanawe akatahiriwa.

Miaka ikapita. Karwirwa akajifungua mtoto wa kiume, wakamwita Muturi, kisha wasichana watatu. Kiambi akaota mvi chache za heshima, na zamu ilipofika, wazee wakampa kiti. Hakuna aliyepinga. Ni nani angeogopa kumpa kiti mtu aliyewahi kusema maneno yale? Na kweli aliongoza vizuri. Alimrudishia mjane Igoki shamba lililokuwa limemezwa na mashemeji. Aligawa maji ya mfereji kwa haki, hata shamba lake mwenyewe likangoja zamu likiwa limekauka. Karwirwa aliposikia mumewe akisifiwa sokoni, alijikaza asicheke kwa furaha, maana mke anayecheka mumewe akisifiwa huonekana ana haraka.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji waliojificha msituni.

Watu waliamriwa kubomoa nyumba zao na kuzijenga upya zikibanana kwa mistari kama mahindi. Likachimbwa handaki kuzunguka kijiji, likasimikwa miti iliyochongwa, na juu ya kilima kikajengwa kituo cha homugadi, askari wa kijiji waliotumikia serikali, chenye mnara wa mianzi. Kukawa na kafyu. Kukawa na vibali: kibali cha kwenda sokoni, kibali cha kusafiri, kibali cha kukusanyika kilichotoka kwa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya. Na msimu wa jando ulipofika, Kiambi akawaambia wazee kwa huzuni, "Ndugu zangu, serikali imekataza mikusanyiko. Mwaka huu hakuna jando." Msimu uliofuata akasema vivyo hivyo. Na uliofuata.

Muturi naye hakuwa na taarifa ya Hali ya Hatari. Aliendelea kukua. Mabega yalipanuka, sauti ikazama, ndevu zikaanza kidevuni, zikaenea mashavuni. Lakini mtu asiyetahiriwa, hata akiwa na ndevu za kufunika kifua, ni mwiji, mtoto tu. Haketi na wanaume. Haposi. Anatumwa na yeyote aliyepita jandoni.

Haya yalionekana wazi zaidi siku za kazi ya lazima. Homugadi waliwapanga watu kwenye handaki: wanaume upande wa kilima, wanawake na watoto upande wa bonde. Muturi alichimba upande wa bonde, katikati ya mama yake na Igoki.

"Kijana," Igoki alimtania, "usiiname sana. Ndevu zako zikifagia handaki sisi wengine tutakosa kazi."

Wanawake walicheka, naye Muturi akacheka kidogo, maana Igoki alikuwa kama nyanya yake. Lakini juu ya ukingo alisimama homugadi mmoja, Kithaka, kijana mdogo kwake kwa umri, aliyetoka kijiji cha ng'ambo. Kithaka alipiga kelele, "Wewe! Mtoto mwenye ndevu! Niletee maji ya kunawa!"

Muturi aliweka jembe chini, akaenda akaleta maji. Aliinama, akamwagia mikono ya Kithaka polepole, bila kumwaga tone pembeni. Karwirwa aliyatazama yale maji yakishuka, akahisi kama yanamwagwa juu ya kichwa chake.

Jioni ile Muturi hakula. Alikaa mlangoni akivunjavunja kijiti.

"Mama, Felicitas anaposwa," alisema.

Felicitas alikuwa binti wa misheni aliyejua kusoma na kushona, na kila mtu kijijini alijua kwamba Muturi alipita njia ya mbali ili apite karibu na nyumba yao.

"Felicitas anaposwa?"

"Na mtu wa Mitunguu. Jana nilimuuliza kama angeweza kuningoja. Aliniambia, 'Nikungoje uwe nini?' Hakusema kwa ubaya, mama. Aliuliza tu."

Muturi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "Nimesikia mjini, pale Majengo, kuna mzee anaitwa Saad. Ana ngariba wake, anatahiri watu wa dini yao. Nikimwendea hatanikatalia."

"Ukatahiriwe peke yako, kama mtu aliyeiba?" Karwirwa alisimama. "Bila rika, bila wa kukushika mabega? Ukirudi, nani atakuita ndugu? Ukifa, nani atakuchimbia? Mwanangu, ngoja. Nitasema na baba yako."

Alisema naye. Kiambi alimsikiliza vizuri, kama alivyomsikiliza kila mtu, mikono juu ya magoti.

"Unafikiri siumii?" alisema. "Nimekwenda kwa Bwana Shauri mimi mwenyewe. Nimemwomba kwa kinywa changu. Amekataa."

"Amekataa?"

"Amekataa, Mama Muturi. Hali ya Hatari ikiisha tutafanya. Mimi hiki kiti kinanichosha. Naapa, kama si serikali, ningekwisha kukiacha."

Karwirwa alilipepeta jibu hilo, asione jiwe. Mumewe hakuwahi kumdanganya. Alimwonea huruma hata, mzee wa watu aliyenaswa kwenye kigoda kama panya kwenye mtego.

Siku ya soko la Muthara alipata kibali, akashuka kununua chumvi. Rahema, mwanamke wa Kiislamu kutoka mjini, aliuza chumvi na shanga na sabuni chini ya turubai, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko mizani yake. Karwirwa alikuwa akinyoosha mkono kupokea chumvi aliposikia wimbo.

Alijua ule wimbo. Kila mama wa milima ile aliujua. Njia ya soko ilifunguka, na vijana wakapita, vichwa vimenyolewa, miili inang'aa mafuta, kila mmoja na fimbo mpya mkononi. Waliimba kwa sauti nzito ya watu waliokwisha kupona. Nyuma yao alitembea homugadi, bunduki begani, akitafuna miraa bila haraka kama mtu anayesindikiza ng'ombe zake mwenyewe.

"Hawa ni wa wapi?" Karwirwa aliuliza.

"Wa ng'ambo ya mto. Juzi walipita wengine wa kule chini. Mwaka huu jando ni kama mvua!" Rahema alifunga chumvi kwenye jani la mgomba. "Na wenu lini, mama?"

"Wetu lini? Wetu wamekatazwa. Serikali imekataza."

Rahema alicheka mpaka akashika kiuno. "Nani amekataza? Mume wangu Idrisi ndiye anayemtafsiria Bwana Shauri. Kila kiama kinachoomba kinapewa. Anaweka homugadi wawili wachunge, basi, mambo yanaendelea. Ninyi watu bwana! Kwetu mtoto aking'oka meno ya utotoni tumeshamaliza shughuli. Ninyi mnangoja mpaka aote mvi?"

Kwa mara ya kwanza tangu Rahema amfahamu, Karwirwa hakurudia swali. Alisimama na chumvi mkononi, akaacha mdomo wazi. Rahema akamwangalia vizuri, akasogeza kigoda. "Keti, mama. Keti kwanza. Nimesema nini?"

Njiani kurudi Karwirwa alijitafutia maelezo, kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba inayoungua. Pengine Bwana Shauri amekikatalia kitongoji chao tu. Pengine Idrisi hajui yote. Pengine Kiambi aliomba siku mbaya. Alipofika kilimani alikuwa ameshika maelezo matatu, na hakuamini hata moja.

Bwana Shauri alikuja kufanya baraza kabla ya wiki kwisha. Wanaume waliketi mbele, wanawake nyuma, na wavulana wakasimama kando, kila mmoja akimfikia Muturi kifuani. Kiambi alikuwa mbele kabisa, amevaa koti la kijivu alilopewa na serikali. Bwana Shauri alisema juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko, akasema juu ya kafyu, kisha kama kawaida akauliza kama kuna mwenye shida. Kwa kawaida wazee wawili walilalamika juu ya nyani, na baraza likaisha.

Karwirwa alisimama.

Mnong'ono ulipita kwa wanawake. Igoki alimvuta nguo. "Keti, wee! Unataka tuuawe?"

"Nina swali kwa Bwana," Karwirwa alisema. "Vijana wa vijiji vingine wametahiriwa, tumewaona kwa macho. Kwa nini wetu wamenyimwa?"

Idrisi alikohoa, akalitafsiri swali. Bwana Shauri alikunja uso, akamtazama Kiambi, kisha akasema maneno marefu. Idrisi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyozidi kuangalia viatu vyake.

"Bwana asema hakumnyima mtu," Idrisi alitafsiri. "Asema kila msimu alimuuliza mwenye kiti wenu, na kila msimu aliambiwa kwamba wazee wa hapa hawataki jando."

Wazee waligeuka wote kwa pamoja. Kiambi hakugeuka. Alitazama mbele, shingo imekauka.

"Bwana asema pia..." Idrisi alisita. Bwana Shauri alimpa ishara aendelee. "Asema aliambiwa kuwa vijana wa kijiji hiki si wa kuaminika. Kwamba wakishakuwa wanaume wataingia msituni. Kwamba ni heri wabaki watoto mpaka Hali ya Hatari iishe."

Kisha mzee mmoja akauliza, "Na itaisha lini?"

Idrisi aliuliza, akajibiwa. "Bwana asema hajui."

Karwirwa alikuwa bado amesimama. Aliwaona homugadi wakigeuza vichwa, mmoja baada ya mwingine, kuwatazama wavulana kando ya baraza, na macho yao yakamsimamia yule mrefu mwenye ndevu. Kithaka alimnong'oneza mwenzake kitu. Siku zile kijana aliyetajwa kwa msitu alichukuliwa alfajiri kwenye lori, na mama yake alibaki akiulizia majina ya kambi asiyoweza kuyatamka. Karwirwa aliketi bila kujua ameketi. Mtu aliyesema maneno yale juu ya Mzee Muriithi! Mtu ambaye yeye mwenyewe alimpigia kigelegele! Alikuwa ametafuta kitu kizito cha kumfunga mwanawe utotoni, akaona kamba haitoshi, akachukua mnyororo wa serikali.

Karwirwa alipofika nyumbani, Muturi alikuwa akikusanya blanketi lake.

"Ameniuza, mama. Baba yangu ameniuza. Naenda."

"Unaenda wapi?"

"Popote."

"Ukikimbia leo, umemtimizia maneno yake. Kithaka anangoja hilo tu. Kaa hapa." Alimpokonya blanketi. "Nipe mpaka jua lizame. Jua likizama na sijafanya kitu, nenda, nami nitakufungia maharage ya njahi ya njiani."

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo Kiambi, pamoja na akili zake zote, alikuwa amelisahau. Jando la kifungua mimba lilianza na vitu viwili. Baba alitangaza kwenye kiama, na mama akazima moto wa jikoni. Moto ule haukuzimwa siku nyingine yoyote. Usiku ulifunikwa majivu, asubuhi ukafukuliwa. Lakini mwana alipokaribia jando, mama aliumwagia maji mbele ya shahidi mwanamke, na haukuwashwa tena mpaka mwana apande kutoka mtoni, alete mwenyewe kijinga kipya cha moto. Kuuwasha kabla ya hapo kulikuwa kumtakia mwana kifo chini ya kisu. Siku zote baba alitangaza kwanza. Kwa sababu hiyo watu walidhani, bila kufikiri, kwamba moto unafuata tangazo kama mkia unavyomfuata ng'ombe.

Jioni ile, moshi ulipokuwa ukipanda kutoka kila paa, Karwirwa alimwita Igoki.

"Simama hapo mlangoni uone."

Igoki aliliona buyu la maji mkononi mwake, akashtuka. "Karwirwa! Mumeo ametangaza?"

"Mume wangu ametangaza? La."

"Sasa unafanya nini? Jambo hili halijafanywa na mwanamke yeyote tangu..."

Maji yalimiminika. Moto ulilia kama nyoka aliyekanyagwa, mvuke ukajaa nyumba, majivu yakaruka. Igoki alijishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje, akasimama njiani, na kwa kuwa alikuwa shahidi na mila ilimtaka aseme, alisema. Alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye mnara wa mianzi: "Moto wa Mama Muturi umezimwa! Nimeuona kwa macho yangu!"

Kiambi alirudi akakuta watu wamejaa uani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Nani amekufa? Hajafa mtu," Karwirwa alisema. "Mwanao anakwenda mtoni."

Kiambi alichungulia jikoni. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa na mtoto wake mwenyewe. "Huna mamlaka hayo," alisema. "Sijatangaza! Huu si moto wa jando, ni moto tu uliomwagiwa maji na mwanamke mwenye hasira." Akaingiza mkono kwenye koti la kijivu, akatoa kiberiti.

Watu waliguna. Hakuna aliyemzuia, maana alikuwa bado mwenye kiti. Ila mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo kando ya ua alijikokota mbele. Ni Mzee Muriithi, sasa amepinda mgongo, mmoja wa wazee wa kubariki.

"Kiambi," alisema taratibu. "Siku uliponiinua, nami nilitafuta kitu mfukoni. Washa, mwanangu, ukitaka. Lakini kitakachopikwa juu ya moto huo, utakila na nani?"

Kijiti cha kiberiti kilikuwa tayari kati ya vidole vya Kiambi. Alikiangalia. Alimwangalia Muturi, aliyesimama nyuma ya mama yake na kumpita kwa kichwa kizima, na pengine ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama usoni. Akakirudisha kijiti ndani.

Lakini hakutangaza. Alidhani atawashinda kwa kungoja, kama alivyozoea kuishinda misimu. Kilichomshinda ni tumbo. Nyumbani hapakupikwa. Wasichana na mama yao walikula kwa Igoki. Kiambi alikula ndizi mbivu, akazichoka, akaenda kuwatembelea marafiki saa za chakula. Na kila nyumba ilimpokea kwa furaha, ikampa mukimo, ikamsimamia mlangoni na kusema kile ambacho mila ilitaka mtu aambiwe akila nje ya nyumba iliyozimwa moto:

"Hongera, Baba Muturi! Jando ni lini?"

Alikula na hongera zile kama mtu anayekula mifupa ya samaki. Mtu mmoja alimpa hongera kwenye mfereji. Wanawake walimpa hongera kwenye handaki. Kithaka, aliyekuwa wa ng'ambo ya mto na kuijua mila hiyohiyo, alishuka mnarani, akavua kofia akasema, "Hongera, mzee. Kumbe mtoto mwenye ndevu anakwenda? Basi ni wa kuaminika." Na tangu siku hiyo hakumtuma Muturi maji. Karwirwa aliposikia hilo alikaa chini, akalia kidogo, akajifuta.

Asubuhi moja Kiambi alivaa koti lake, akawaambia wazee, "Twendeni kwa Bwana Shauri."

"Twende wote?" waliuliza.

"Wote. Na Mzee Muriithi aje asikie ninayoyasema."

Mzee Muriithi ndiye aliyewasimulia wanawake baadaye. Kiambi alisimama mbele ya meza, akasema kwamba aliyoyasema zamani juu ya vijana yalikuwa uongo. Idrisi alimuuliza mara mbili kama kweli anataka neno hilo litafsiriwe. Akasema litafsiriwe. Bwana Shauri alikasirika sana, akapiga meza, akamwita majina ambayo Idrisi hakuyatafsiri, kisha akatoa kibali: homugadi wawili, hakuna ngoma baada ya kafyu, na watu wawe wamerudi kijijini kabla ya jua kuwa juu. Usiku huohuo kiama kilimtaja atakayeketi baada ya Kiambi. Kifungua mimba wa mtu huyo bado alichunga mbuzi, na watu waliokutana na mtoto huyo njiani walianza kumtazama kwa makini.

Jioni ya kuamkia jando Kiambi alikaa kwenye jiwe nje ya jiko baridi. Karwirwa alikuwa akimpaka Muturi mafuta mabegani. Alipomaliza, na kijana kwenda kuungana na wenzake, Kiambi alisema bila kuinua macho:

"Na kesho mimi nitakuwa nani?"

"Kesho utakuwa nani?" Karwirwa alifikiri. "Baba wa mwanamume. Hukuwahi kuwa."

"Umenichukia?"

"Nimekuchukia?" Alijifuta mafuta viganjani, kidole kimoja baada ya kingine, hata Kiambi akainua macho. "Bado nashangaa," alisema mwishowe. "Nikimaliza kushangaa nitakuambia."

Alfajiri wanaume walishuka mtoni na vijana, homugadi wawili wakiwafuata wakitetemeka kwa baridi. Wanawake waliruhusiwa kufika kwenye kona ya njia tu, mahali ambapo ukungu ulilificha bonde. Walisimama wamejifunika mashuka, pumzi zikitoka nyeupe. Kutoka chini ilipanda sauti ya wimbo wa vijana ndani ya maji, nao walikuwa wengi, maana misimu yote iliyozuiliwa ilikuwa imeshuka siku moja. Karwirwa alijaribu kuitenga sauti ya Muturi na nyingine, akadhani ameipata, akaipoteza.

Kisha wimbo ukakatika.

Kila mwanamke pale alijua maana yake. Wametoka majini, wameketi kwenye majani, ngariba anaanza na kifungua mimba wa mwenye kiti. Asipotikisika, baragumu litapigwa mara moja, nayo sauti itapanda mpaka kwenye kona hii na mama yake ataitikia kwa kigelegele. Akitikisika, baragumu halipigwi.

"Tayarisha mdomo," Igoki alimnong'oneza, akamshika mkono.

Karwirwa alivuta pumzi, akaizuia kifuani, akategea sikio bonde.